Mtikisiko wa Gari Jipya

Gari kuukuu lina udhuru ambao gari jipya halina. Likilia, likivuta upande au likitikisika, mwenyewe hulivumilia, kwa kuwa alijua amenunua nini na kwa bei gani. Gari jipya, ambalo viti vyake vingali vimefunikwa nailoni na harufu ya kiwandani haijatoka, halitazamiwi kuwa na ila. Kwa hiyo likitikisika, neno la kwanza huwa si juu ya gari. Huwa juu ya mtu anayelalamika: pengine hajalizoea, pengine ni mwoga, pengine ni mzee. Hilo ndilo lililonifanya niandike juu ya jambo ambalo wengi wa wasomaji wa kurasa hizi watalidhania kuwa ni la mafundi peke yao.

Kaka yangu mkubwa aliendesha treni katika Reli ya Kati kwa muda wa miaka 31. Alipostaafu alitia sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake katika pikapu mpya ya dizeli, yenye milango minne, na mimi nikaongeza kilichopungua. Kusudi letu lilikuwa kununua mahindi katika soko la Kibaigwa na kuyaleta Morogoro, tunakokaa sote wawili. Barabara ya huko ni ya lami, nayo hupita Dumila na Gairo. Mwendo wake ni wa kukatikakatika: penye kijiji kibao huamuru kilomita 50 kwa saa, na baina ya kijiji na kijiji huja sehemu za wazi ambapo gari dogo laweza kukaribia 100.

Katika sehemu hizo za wazi ndimo ugonjwa ulimojidhihirisha. Hadi kilomita 85 gari lilikuwa kimya na tulivu kama mtumbwi juu ya maji yaliyolala. Lilipofika 95 kiti kilianza kutetema, kisha sakafu, kisha kioo cha pembeni kikawa hakionyeshi sura ya gari linalofuata bali ukungu wake tu. Kwenye 105 mtetemo ulifika kikomo cha ukali. Kaka alipothubutu mara moja kwenda 115, ukalegea, kama kwamba ulikuwa ni mlango mwembamba ambao gari likisha kuupita hustarehe. Wakati wote huo usukani ulikaa mkononi mwake bila kutikisika. Nayataja haya yote kwa urefu kwa sababu kila moja lilikuwa shahidi, ingawa siku zile hatukujua bado namna ya kuwahoji mashahidi hao.

Tulirudi Dar es Salaam kwa kampuni iliyotuuzia. Ni safari ya kilomita 190 hivi, na kwa msongamano wa jiji humla mtu siku nzima. Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu. Alieleza kwamba magari mapya hukaa siku nyingi melini na bandarini. Matairi yake hupata ubapa mahali yanapogusa chini, na ubapa huo hutoka wenyewe gari likienda na mpira ukipata joto. Maneno hayo ni ya kweli, nami nayapa haki yake. Lakini ubapa wa namna hiyo kwa kawaida huisha baada ya makumi machache ya kilomita, na gari letu lilikuwa limekwenda 1,200. Safari ya pili walipima balansi ya magurudumu, wakagonga vipande vya uzito kwenye rimu, na mtikisiko ukapungua kidogo bila kuondoka. Safari ya tatu fundi wao aliliendesha mwenyewe, katikati ya foleni za jiji, ambamo hakupata nafasi ya kufika hata 70. Akarudi akaandika katika kadi ya gari: hali ya kawaida kwa gari la mizigo.

Kaka alipobisha, yule kijana alisema kwa upole, "Shikamoo tena, mzee wangu. Usinichukie. Pengine ni mwili tu. Umri nao una mambo yake."

Kaka aliitikia shikamoo, wala hakuongeza neno. Usiku ule, baada ya kula, nilimwona ameweka kikombe cha chai mezani, amenyosha mkono wake wa kuume mbele ya taa, anautazama kama unatetemeka. Haukutetemeka. Lakini mtu akianza kuupima mkono wake mwenyewe kwa sababu ya maneno ya muuza magari, jambo limekwisha kuwa kubwa kuliko gari. Fedha za miaka 31 zilikuwa zimesimama uani. Hiyo ilikuwa hasara moja. Hasara ya pili ilikuwa kwamba mtu aliyepewa dhamana ya maisha ya mamia ya abiria, kwa kusikiliza chuma kikiongea chini ya miguu yake, sasa aliambiwa hasikii vizuri.

Baadhi ya ndugu walimshauri auze. Ushauri huo ulikuwa rahisi kwa waliokuwa hawana senti ndani ya gari. Gari jipya hupoteza sehemu ya thamani yake siku linapotoka dukani, na mnunuzi yeyote mwenye akili atalijaribu barabarani kabla ya kutoa fedha, tena atalijaribu kwa mwendo wa kilomita 100. Kulificha lile tusingeweza, na kulisema kungetupunguzia bei. Isitoshe, dhamana ya gari ilikuwa ya miaka 3 au kilomita 100,000, chochote kitakachotangulia, lakini ukurasa wake wa nyuma, ulioandikwa kwa herufi ndogo kama mchele wa chenga, ulisema matairi hayamo. Matairi yana dhamana ya aliyeyatengeneza, nayo hupungua nguvu kadiri mpira unavyolika. Tulikuwa tukishindana na saa.

Kabla ya kueleza tulivyoendelea, sina budi kusema neno juu ya mafundi wa kubahatisha. Gereji moja ya njiani ilitutaka tubadilishe shokamzoba zote nne. Nyingine ilisema ni bushi. Ya tatu ilikuwa na hakika kwamba ni propela, yaani lile bomba refu la chuma linalochukua nguvu kutoka kwenye gia boksi hadi kwenye difu la nyuma. Fundi wake alikwisha kuchukua spana na kulala chini ya gari tulipomwomba angoje. Sikuona ubaya wa nia katika yeyote kati ya hao. Kila mmoja alitaja kitu kilichowahi kumpa taabu katika gari la mtu mwingine. Lakini kubadili vipuri kimoja baada ya kimoja mpaka ugonjwa uondoke ni kumpa mgonjwa kila dawa iliyomo dukani. Siku akipona hujui kilichomponya, na mfuko umekwisha kufa.

Aliyefungua njia alikuwa kaka mwenyewe. Asubuhi moja aliniambia, "Mdogo wangu, hii si injini, wala si propela. Hili ni gurudumu." Nikamwuliza ameyajuaje. Akanieleza habari ya reli. Reli za zamani zilifungwa kipande kwa kipande, na kila kiungo hulia chini ya magurudumu yanapopita. Dereva aliyekomaa aweza kuihesabu milio hiyo akajua mwendo wake pasipo kutazama kipimo. Tena gurudumu la treni likiburuzwa na breki bila kuzunguka hulika upande mmoja, likapata ubapa, na tangu siku hiyo hugonga reli mara moja kwa kila mzunguko. Treni ikienda mbio hugonga mbiombio. Ikienda polepole hugonga polepole. Na injini hata ingurume vipi, gurudumu halijali. "Sauti ya gurudumu hufuata njia," alisema. "Sauti ya injini humfuata dereva."

Siku iliyofuata tulikwenda kwenye uwanda ulio mbele ya Kibaigwa, mapema, kabla malori hayajajaa. Kaka alilipeleka gari 100 katika gia ya juu kabisa, injini ikizunguka kama mara 2,000 kwa dakika. Kisha akashusha gia moja, akaushika mwendo ule ule. Injini ikapanda hadi karibu 2,500, ikalia kwa sauti nyingine. Mtikisiko haukubadilika hata chembe. Mara ya tatu, palipokuwa wazi kabisa mbele na nyuma, alitoa gia akaliacha gari liteleze lenyewe. Injini ikashuka ikawa inanong'ona tu, na kiti kikaendelea kutetema vile vile. Kwa dakika kumi za kazi, bila spana wala senti moja, alikuwa amemtoa mshtakiwa mmoja hatiani. Propela bado ilikuwamo, kwa maana nayo huzunguka maadamu magurudumu ya nyuma yanazunguka, injini ivume isivume.

Hapo ndipo hesabu ilipoingia. Nilipiga mstari wa chaki juu ya tairi na mwingine juu ya sakafu ya saruji, tukalisukuma gari mpaka gurudumu likamaliza mizunguko 10 kamili, tukapima kwa utepe: mita 23.7. Basi mzunguko mmoja ni mita 2.37. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita mita 27.8 kwa sekunde, na kwa hiyo kila gurudumu huzunguka mara 11.7 kwa sekunde. Difu letu, kwa mujibu wa kitabu cha gari, huizungusha propela mara 3.9 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Kwa hiyo propela huzunguka karibu mara 46 kwa sekunde. Injini kwa mizunguko 2,000 kwa dakika huzunguka mara 33 kwa sekunde, na kwa kuwa ina silinda nne za mipigo minne, huwaka mara mbili kwa kila mzunguko, yaani karibu mara 67.

Tena kuna viungo vya propela. Kiungo hicho chenye umbo la msalaba chaitwa kwa jina la Gerolamo Cardano, Mtaliano wa karne ya 16, na Waingereza hukiita pia kwa jina la Robert Hooke, mwanachuoni wao wa karne ya 17. Ajabu yake ni hii: kikipindwa kwa pembe, upande unaosukuma huenda kwa mwendo wa sawasawa, lakini upande unaosukumwa huharakisha na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko. Kwa sababu hiyo viungo viwili hupangwa ili kosa la kimoja lifutwe na kosa la mwenziwe. Na mpango huo ukiharibika, mtetemo wake huwa mara mbili ya propela, yaani mara 91 kwa sekunde katika mwendo wetu. Mtetemo wa namna hiyo mtu huusikia kwa masikio na nyayo kama mvumo wa nyuki. Hauwezi kumtikisa tumbo.

Basi kila sehemu ya gari ina hesabu yake, kama kila ngoma ilivyo na mdundo wake, na sikio lililofundishwa hujua ni ngoma ipi inayopigwa ingawa halimwoni mpigaji. Nilimwomba mwanafunzi mmoja wa fizikia aje nasi. Simu za siku hizi zina ndani yake kidude kinachohisi mtikiso. Ndicho kinachoijulisha simu kama imelazwa au imesimamishwa. Kwa programu ndogo kidude hicho huchora mtetemo na kuonyesha hurudia mara ngapi kwa sekunde. Alifunga simu yake kwa utepe juu ya chuma cha reli ya kiti, na mwendo tukausoma kwa satelaiti, kwa kuwa kipima mwendo cha gari aghalabu huzidisha kidogo.

Kwa kilomita 80 mchoro ulionyesha kilima kidogo kwenye 9.4. Kwa 100 kilima kilikuwa kirefu, kwenye 11.7. Kwa 105 kilikuwa kirefu kuliko vyote, kwenye 12.3. Penye 46 palikuwa na mkunjo mdogo usio wa kutajwa, na penye 91 palikuwa tambarare. Mwanafunzi alisoma tarakimu hizo kwa sauti kutoka kiti cha nyuma. Kaka, macho yakiwa barabarani, alisema tu, "Ndiyo. Moja kwa kila mzunguko." Nilimtazama uso wake kwa upande. Sijamwona na furaha ya utulivu namna ile tangu siku aliyoendesha treni yake ya mwisho akaifikisha kwa saa yake.

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa kosa ni la gurudumu, na gurudumu huzunguka wakati wote, mbona gari litulie kwenye 80 na kwenye 115? Swali hilo ni zuri, na jibu lake limo katika mambo mawili. La kwanza ni nguvu ya kuvutia nje ya kitu kinachozunguka, ambayo huongezeka kwa mraba wa mwendo. Uzito wa gramu 60, kama yai kubwa la kuku, uliobandikwa kwenye ukingo wa rimu ya inchi 17, huvuta kwa nguvu isiyofika kilo 2 gari likienda 50. Likienda 100 huvuta kwa kilo 7, nao huvuta juu na chini karibu mara 12 katika kila sekunde. La pili ni kwamba ekseli imekalia mpira wa tairi chini yake na springi juu yake, na kila kitu kilichokalia springi kina mdundo wake wa asili. Mtoto aliye kwenye bembea akisukumwa kwa wakati unaolingana na bembea, hupaa kwa msukumo wa kidole. Akisukumwa haraka zaidi, msukumo mkubwa hauzai kitu. Mdundo wa asili wa ekseli na magurudumu ya magari yetu huwa baina ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Gurudumu linapoufikia mdundo huo, kosa dogo hukuzwa; likiupita, hata nguvu ya kosa ikizidi, bembea haimjibu tena msukumaji. Ndiyo sababu madereva wa nchi zote hulalamika juu ya mwendo wa 90 hadi 110, na ndiyo sababu fundi anayelijaribu gari katika foleni ya jiji hawezi kuona kitu, hata akiwa mwaminifu.

Ilibaki kujua ni gurudumu lipi. Usukani uliotulia ulituonyesha kwamba tutazame nyuma kwanza, kwa maana kosa la magurudumu ya mbele hupanda mikononi, na la nyuma huingia kwa kiti. Tairi la akiba, lililofungwa chini ya bodi, lilikuwa la kimo kile kile na jipya kabisa. Tukalifunga nyuma kushoto, tukaenda, hapakuwa na badiliko. Tukalifunga nyuma kulia, tukaenda, na kilima cha 11.7 kikazama hata kikawa robo yake. Ili tusimhukumu mtu kwa ushahidi wa upande mmoja, tulilichukua lile gurudumu lililotolewa tukalifunga mbele kulia. Kiti kikatulia, na usukani, uliokuwa haujapata kutikisika tangu gari linunuliwe, ukaanza kucheza mikononi mwa kaka. Gurudumu lilikuwa limekiri.

Hapo sasa likaja jambo lililotuchelewesha wiki mbili zaidi. Tulilipeleka gurudumu hilo kwa mwenye mashine ya balansi mjini Morogoro, akalizungusha, na mashine ikaandika sifuri ndani na sifuri nje. "Mwalimu," aliniambia, "mashine haisemi uongo." Kweli haikusema uongo, ilijibu swali iliyoulizwa. Mashine ya balansi hulizungusha gurudumu hewani, halijabeba kitu, na hutafuta uzito ulioegemea upande mmoja. Barabarani gurudumu limegandamizwa na karibu nusu tani. Tairi hujengwa kwa matabaka ya mpira, nyuzi na waya za chuma, yanayozungushwa na kuunganishwa ncha kwa ncha, na mahali pa kuungana pakikosewa kidogo huwa pagumu kuliko penginepo, au huinuka. Mahali hapo panapopita chini ya mzigo, ekseli husukumwa juu, mara moja kwa kila mzunguko. Uzito waweza kuwa sawa pande zote na ugumu usiwe sawa. Ziko mashine zinazoligandamiza gurudumu kwa rola wakati linapozunguka ili kuupima ugumu huo, lakini katika gereji tulizozifikia haikuwapo hata moja.

Tulitumia geji ya mshale, ile wanayoitumia wachonga vyuma. Tuliliinua gari kwa jeki, tukaiegemeza geji juu ya tairi, tukalizungusha gurudumu taratibu kwa mkono. Mshale ulipanda na kushuka kwa milimita 1.6. Rimu yenyewe tuliyoipima pembeni ilicheza kwa milimita 0.3 tu. Magurudumu mengine matatu hayakupita 0.7. Tulimwomba mwenye gereji aligeuze tairi nusu mzunguko juu ya rimu, ili kilima cha tairi kikae juu ya bonde la rimu. Ni dawa ya zamani na mara nyingi hutosha. Safari hii ilileta 1.3, kwa sababu bonde la rimu lilikuwa dogo mno kumeza kilima kile. Mtikisiko ulipungua, nasi tukajua kwamba rimu haina hatia.

Niliandika barua. Haikuwa na malalamiko wala neno la kuudhi. Ilikuwa na safu tatu: mwendo, hesabu ya mtetemo, na gurudumu lililokuwa nyuma kulia siku ile. Chini yake niliweka vipimo vya geji. Nimeandika barua nyingi katika kazi yangu ya ualimu, nyingi zikiwa na ufasaha kuliko hiyo, na chache zilizojibiwa upesi namna ile. Siku tano baadaye tulikuwa Dar es Salaam, na safari hii aliyetoka kutulaki alikuwa fundi mkuu wao, mtu wa makamo, mwenye mafuta kwenye kucha. Alimwamkia kaka, akamwomba aendeshe yeye, kaka, na mwenyewe akaketi nyuma juu ya ekseli. Tulitoka mjini hadi tukaipita Mlandizi ndipo tukapata barabara ya wazi. Kwenye 90 fundi alikuwa akizungumza habari za mvua. Kwenye 100 alinyamaza. Kwenye 105 aliweka kiganja juu ya kiti, akakiacha hapo muda mrefu, akasema, "Imetosha, mzee. Turudi."

Hakutaja umri wala mwili. Alipofika karakana alilifungua gurudumu kwa mikono yake mwenyewe, ingawa vijana walikuwapo. Kwa sheria ya dhamana angaliweza kutupeleka kwa wenye matairi, na ningalikuwa na safari nyingine za miezi. Lakini alichukua tairi jipya ghalani, akalipima kwa geji kabla ya kulivisha, akalikataa, akachukua la pili. Nilimpenda kwa lile alilolikataa.

Tulirudi Morogoro jioni. Baada ya Chalinze kaka alilipeleka gari 105 akalishika hapo, na kioo cha pembeni kikaonyesha lori lililotufuata pamoja na namba zake zote. Mvumo mdogo wa propela ulisikika, ule wa 46, ambao kila gari la namna ile huwa nao na ambao sasa, kwa kuwa tulijua jina lake, haukumsumbua mtu. Juma lililofuata alikwenda Kibaigwa akarudi na magunia 8. Kadi ya gari ingali katika saraka yake ya mbele. Katika mstari wa siku ile imeandikwa kwa wino wa buluu: tairi moja limebadilishwa kwa ombi la mteja, hakuna kasoro iliyoonekana.